Nyeupe ya Fundi

Fundi hakuamini kitu chochote kabla hajakitoa nje. Ukimpelekea kitambaa alikipokea kwa vidole viwili, akainuka kwenye cherehani, akapita mlangoni amekishika mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba nepi, akasimama uani mbele ya milima na kukifunua juani. Hapo ndipo alipokueleza ulichonunua. Mara nyingi hakikuwa ulichodhani umenunua.

"Hii wamekuambia poplini?"

"Ndiyo, Fundi."

"Na wewe ukakubali."

Hakuuliza. Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali ya mgonjwa mwingine. Noti nazo alizitoa juani. Mayai pia. Siku moja alitoa nje picha ya mchumba wa binti wa jirani, akaigeuza huku na huku, akairudisha na kusema masikio ya yule kijana hayako tayari kuoa.

Jina lake la ubatizo nililisikia kanisani mara moja tu, nikadhani wametaja mtu mwingine. Mjini Morogoro mafundi cherehani walikuwa wengi, lakini pale kwetu Bigwa, mlima unapoanzia, ukisema Fundi kila mtu alijua ni mwanamke huyu. Alishona sare za shule na mapazia, na kanzu za majirani zetu Waislamu maulidi ilipokaribia. Ila kilichompa heshima ni magauni ya komunyo ya kwanza. Wasichana walishuka na mama zao kutoka vijiji vya juu, miguu ikiwa bado na udongo mwekundu wa mlimani, wakapimwa, wakarudi juu. Siku ya siku walisimama mstari mmoja mbele ya altare, na mstari ule wote ulikuwa wa rangi moja. Watu walikuja kuutazama mstari ule. Alikuwa anajua nyeupe kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, na alikula kwa kujua huko.

Nyeupe zake alizipa majina. Kulikuwa na nyeupe ya maziwa, nyeupe ya mfupa, nyeupe ya moshi, nyeupe ya ukungu wa Uluguru kabla ya saa moja asubuhi, na nyeupe ya mzungu, ambayo alisema ina wekundu ndani. Zamani, alituambia, hakukuwa na haja ya majina. Mumewe alifanya kazi kiwanda cha nguo, na nyeupe ilikuwa moja, ile iliyotoka kiwandani, nzito kidogo, inayonuka wanga. Mume alikufa, kiwanda kikafungwa, kikauzwa, kikafungwa tena. Kisha ikaja ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa. Kila mwenye kontena akaleta nyeupe yake. Marobota ya mitumba yakafumuliwa sokoni, watu wakavaa mashati ya kafa-Ulaya kwa bei ya vifungo, na mafundi wenzake wakaanza kuishi kwa kupunguza suruali za watu wanene wasiowajua. Yeye hakugusa mitumba. "Nguo ina jasho la mtu nisiyeweza kumuuliza kitu," alisema.

Mama yangu ndiye aliyekuwa rafiki yake wa kweli, kama neno hilo linawafaa watu wanaogombana kila siku. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa michongoma uliokuwa na tundu, na tundu hilo lilikuwa la mama. Alipita hapo jioni akiwa na kikombe cha chai mkononi, akakaa kwenye kigoda cha Fundi, na mimi nikamfuata nikiwa na daftari za shule. Kazi yangu ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku.

"Shoga, fungia mlango wako komeo," mama alimwambia mara nyingi. "Mji umejaa wezi."

"Mwizi anayeingia mlangoni nitamwona," Fundi alijibu. "Mimi namwogopa yule ninayemkaribisha chai."

"Sasa unanisema mimi?"

"Wewe umejikaribisha mwenyewe."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alimshuku mhudumu wa duka kwamba anapima sukari kidole kikiwa kwenye mizani, lakini mlango wake haukuwa na komeo. Alimshuku padre kwamba anafupisha misa kukiwa na mpira, lakini altare nzima ilivalishwa na mikono yake bila malipo. Palipokuwa na msiba, wa Mkristo au wa Mwislamu, alifunika cherehani kwa khanga na kwenda kukaa na wafiwa hadi wamchoke, huku akichunguza ni nani kati ya waombolezaji analia kwa sauti kuliko alivyompenda marehemu.

Mtu aliyemshuku zaidi kuliko wote ni mtoto wa dada yake. Kijana huyo alifanya kazi gereji na aliishi chumba cha nyuma. Kwa Waluguru mtoto wa dada ni mtoto wako kabisa, na nyumba ile pamoja na kishamba cha ndizi kule juu vingekuja kuwa vyake. Kijana alikuwa mpole. Alimnunulia dawa na kumbebea maji. Fundi alimwangalia akibeba ndoo na kunong'ona kwa mama, "Anaujua uzito wa kila kitu humu ndani."

Ni kijana huyo aliyeanza habari ya taa.

Luku ilikuwa imefungwa ukutani, ile mita unayoilisha namba kabla haijakupa umeme, na Fundi aliitazama kama mgeni asiyetaka kuondoka. Alizima kila kitu, akakaa kimya mbele yake kuona kama kile kitaa chekundu kitakonyeza. Kikikonyeza alisema, "Ona. Inakula peke yake." Redioni walikuwa wanahimiza watu waache glopu za zamani, waweke taa za kubana matumizi, zile watu walizoziita enaji seva, zilizojisokota kama utumbo wa kuku. Kijana akasema, "Mama, hizi zinakula kidogo sana. Luku itatulia."

"Na shirika lenyewe la umeme linataka ninunue umeme kidogo?"

"Ndiyo wanavyosema."

"Umewahi kumwona mwenye duka akikuomba usinunue?"

Kijana akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Fundi alizipenda glopu. Julai, baridi iliposhuka kutoka mlimani na kuingia kwenye mifupa ya vidole, alinyoosha mkono hadi kwenye glopu iliyoning'inia juu ya cherehani na kupasha vidole kabla ya kutunga uzi. Taa isiyochoma mkono, alisema, inapata wapi mwanga? Lakini hofu ya luku ikashinda hofu ya taa. Siku moja alivaa kitenge cha kutokea, akaenda sokoni kwa kijana mmoja muuza vifaa vya umeme, mcheshi, mwenye kalamu sikioni. Mimi nilibeba kikapu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii taa mtengenezaji wake unamjua?"

"Mama, inatoka China huko."

"Kwa hiyo humjui."

Aliiwasha, akaizima, akaitingisha sikioni kama yai. Akainunua. Jioni kijana wa gereji alipanda kwenye kiti, akatoa glopu, akafunga ile mpya, akabonyeza swichi. Ilisitasita kidogo kisha ikajaa. Mimi nilifumba macho. Sakafu, pini, vumbi la uzi, nyufa za ukuta, vyote vilijitokeza kana kwamba vilikuwa vimejificha miaka yote ile.

"Yesu wangu!" mama akasema. "Mchana mtupu! Nyeupe kabisa!"

Fundi alikuwa ameinua uso.

"Nyeupe?" akasema. "Hii ni ya njano."

Tulicheka. Tulijua ni yeye na mambo yake. Lakini yeye hakucheka, na kesho yake asubuhi alikuwa sokoni akiwa ameifunga taa kwenye kitambaa, akimwambia muuza taa kwamba amemuuzia glopu ya zamani iliyovishwa utumbo. Kijana akaichomeka. Ikawaka. Akachomeka nyingine, na nyingine. Watu wakakusanyika, sokoni kwetu ugomvi haukosi mashahidi.

"Jamani, hii taa rangi gani?" muuza taa akawauliza.

"Nyeupe!" wakaitikia.

Fundi akawatazama mmoja mmoja, muuza nyanya, mchukuzi, mama mmoja aliyekuwa anapita na kuku wake. "Umewapanga saa ngapi wote hawa?" akauliza.

Kuanzia hapo akaamini kwamba taa yake inabadilishwa. Mchana akiwa kanisani, alisema, mtu anaingia, anatoa nyeupe, anaweka ya njano, nyeupe anaiuza. Mtu gani? Alitazama chumba cha nyuma. Akafunga uzi mwekundu kwenye shingo ya taa, fundo lake mwenyewe, lile analomalizia vifungo. Jioni aliporudi uzi ulikuwepo. Akamwita mama aje aone.

"Si fundo lako hilo?" mama akasema.

"Fundo ni langu," Fundi akakubali. "Taa si yangu."

Kijana wa gereji alilisikia hilo akiwa uani anaosha mikono kwa sabuni ya unga. Jumamosi hiyo alikwenda kulala kwa rafiki yake, na Jumamosi iliyofuata pia.

Mwaka huo Fundi aliacha kutoa vitambaa nje. Mteja akija, alikipokea kitambaa, akakisugua kwa kidole gumba, akakiweka kwenye rundo. Tukimuuliza, alisema jua limekuwa kali, linamchoma machoni, na hata jua siku hizi wameliharibu. Tuliikariri kauli hiyo kwa kicheko mtaani. Macho yetu yote yalikuwa kwenye taa yake, na hakuna aliyemtazama yeye.

Kisha ikaja komunyo. Wasichana walijipanga nje ya kanisa, asubuhi angavu baada ya mvua, milima imesogea karibu kama inavyofanya hewa ikioshwa. Mstari ulikuwa mweupe. Katikati yake alisimama msichana mmoja ambaye mkono wa kulia wa gauni lake ulikuwa nyeupe ya maziwa na wa kushoto ulikuwa rangi ya krimu, njano iliyopauka, kama siagi. Mwenzake wa nyuma akamgusa begani akacheka. Msichana akakunja mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, na hivyo ndivyo alivyoipokea hostia, amejikunja upande mmoja.

Mama yake, muuza karoti kutoka juu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuitana toka kilima hadi kilima, hakungoja hata wali wa sherehe.

"Fundi, mwanangu umemfanyia nini?"

"Gauni lilitoka hapa rangi moja."

"Moja? Njoo ulione!"

"Limebadilishwa. Kuna mtu kafumua mkono wangu akatia wake."

"Nani afumue? Mimi? Nimfumulie mwanangu gauni ili acheke nani?"

"Mimi sijui unachotafuta," Fundi akasema. "Lakini wewe ni mwongo."

Yule mama alilia, na kilio chake kilipanda mlimani pamoja naye. Wateja waliobaki walichukua vitambaa vyao mmoja mmoja kwa visingizio vya adabu: mtoto ameahirisha, shangazi ameleta gauni kutoka Dar. Rundo likapungua hadi ikaonekana meza. Mtoto wa dada akasema kwa upole wake, "Mama, ungepumzika sasa. Cherehani tunaweza kuiuza." Akawa amesema kile kile Fundi alichokuwa akimngojea aseme. Fundi akampa mgongo siku kadhaa.

Mama yangu alipita kwenye tundu la michongoma mchana, bila chai. Alikuwa na vipande viwili vya satini, vya duka moja, ulaini mmoja, kimoja cheupe na kimoja cha krimu. Akaviweka kwenye mapaja ya Fundi.

"Nipe cheupe," akasema.

Fundi alivipapasa vyote. Vidole vyake vilikwenda na kurudi, vikatafuta ukingo, vikatafuta mshono, vikakosa pa kushika. Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Umekuja na mtego," akasema.

"Nimekuja na vitambaa."

"Vyote ni vya njano," akasema Fundi. Alivikunja vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia. Baadaye akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kuwa anayo, "Hata chaki ya kupimia ni ya njano. Hata wali."

"Tangu lini, shoga?"

"Tangu mlete taa zenu."

Alikwenda kwa daktari wa macho, si kutibiwa, kushitaki. Alibeba enaji seva kwenye mkoba kama ushahidi. Daktari alimwambia taa haina kosa: ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ameanza kukua zamani, atolewe. Fundi akauliza anayetolewa anapelekwa wapi. Akauliza kwa nini kitu kilichomlaza mtu gizani miaka kinaondoka kwa dakika chache. Akarudi nyumbani na macho yake.

Mama alimsumbua. Alimsumbua kwa masika na kwa kiangazi, kwenye misa, juu ya michongoma, mbele za watu. "Utakufa hujaona rangi ya jeneza lako." "Nani kakuambia nataka kuiona?" Waligombana hivyo hadi mama akapata homa ya wiki moja, akafa yeye.

Fundi ndiye aliyeshona gauni la kumzikia. Hakuna aliyethubutu kumkatalia, ingawa niliona shangazi zangu wakitazamana. Alishona mchana kutwa chini ya ile taa, uso karibu ugusane na sindano, akifuata mshono kwa ukucha. Alipomaliza aliniita. Alikuwa amelisambaza gauni juu ya meza, mikono yote miwili imenyooshwa.

"Ni nyeupe?" akaniuliza.

Sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu swali hilo. Nilitazama mkono wa kulia, nikatazama wa kushoto, nikatazama kola.

"Ni nyeupe, Fundi."

Aliitikia kwa kichwa mara moja, akalikunja. Hakulitoa nje.

Nilihamia Dar baada ya hapo, na miaka ikapita kabla sijalisogelea tena tundu la michongoma, ambalo wapangaji wetu wameliziba kwa bati. Nilizungukia mbele. Mlango ulikuwa wazi. Kijana wa gereji, sasa baba wa watoto, alikuwa barazani akirekebisha pasi, akanielekeza ndani kwa kidevu. Nilisikia cherehani kabla sijamwona.

Fundi alikuwa amefumba jicho la kushoto, akishona kwa la kulia, na ilikuwa kama anaukonyeza ule mkono wa gauni. Gauni lilikuwa jeupe. Mezani kulikuwa na rundo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Usikae juu ya kile kitambaa." Kisha akainua uso. "Ni wewe!"

Alinisimulia huku akishona. Alikwenda kutolewa mtoto wa jicho la kulia mama alipokwisha kuzikwa. "Kwa sababu aliyekuwa akinisumbua hayupo tena wa kusema si nilikwambia." Bandeji ilipofunguliwa, alisema, kitu cha kwanza kilichomtisha ni weupe wa shuka la hospitali. Akarudi nyumbani, akabonyeza swichi, akatazama taa. Halafu akamwita mtoto wa dada yake kutoka chumba cha nyuma na kumwambia, "Ile taa hukuibadilisha." Kijana akajibu, "Ndiyo, mama." Hayo tu.

"Na yule mama wa karoti?"

"Nilipanda hadi kwake. Nikamwambia mwongo nilikuwa mimi. Akanipa chai." Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Sukari aliijaza mno. Mtu aliyekusamehe hatii sukari kiasi kile."

"Labda alifurahi."

"Labda. Magauni haya ni ya wajukuu wa dada yake. Ndiyo maana nawachunguza."

Nikamuuliza jicho la kushoto linatolewa lini.

"Halitolewi. Watu wa hospitali wamekuja hapa mara mbili kunibembeleza, na huyu wa barazani ananinunia. Nimewaambia moja nimewapa, lingine linabaki nyumbani."

"Kwa nini, Fundi? Si umeona mwenyewe kwamba halikuwa kosa la taa?"

Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akanitazama kwa la zamani. Uso ukalegea.

"Kwa hili una rangi ya mama yako," akasema. "Kabisa. Mama yako nilimwona kwa hili mpaka siku ya mwisho. Lile jipya halimjui." Akahamisha kiganja, akafunika la kushoto. Akakunja uso. "Kwa hili umekonda, na hulali vizuri, na hilo shati waliokuambia ni jeupe walikudanganya."

"Sasa lipi kati ya hayo mawili linasema kweli?"

Aliushika tena ule mkono wa gauni, akauweka chini ya sindano, mguu ukatafuta kanyagio.

"Kaa hapo," akasema. "Usiondoke kabla sijaamua."